Uzi: Mashine pepe ikirudishwa kutoka kwenye picha inaharibu leja. Hitilafu tumeikuta kwenye jedwali la kurasa

#1 FundiWaSae (mwanzisha uzi)

Mugonile wakuu. Wa Iringa na Njombe, kamwene.

Hapa Mbeya tuna kikundi kinachokutana Sae, na kazi yetu kwa muda sasa ni kuandika haipavaiza ndogo ya kujifunzia (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), juu ya prosesa za Intel zenye VT-x, msaada wa prosesa kwa mashine pepe. Inabeba Linux, inabeba hifadhidata ya PostgreSQL, ina diski na mtandao kwa njia ya virtio (vifaa pepe ambavyo haipavaiza inampa mgeni). Tunataka hatimaye ibebe leja ya mizani ya parachichi ya chama kimoja cha wakulima huko Rungwe. Mpaka leo ndani yake kuna data za majaribio tu, maana kilo za mkulima haziwekwi kwenye programu ambayo haijaaminika.

Kitu cha kwanza tulichokitaka ni kupiga picha ya mashine ikiwa hai. Mvua za huku zinaanza Novemba mpaka Aprili, radi zinapiga, umeme unakatika, na UPS inakupa dakika chache. Haipavaiza ipige picha ya kumbukumbu yote ya mgeni (mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe) bila kumsimamisha kwa muda mrefu, na umeme ukirudi mgeni aendelee pale alipoishia.

Picha ilipigwa, mgeni akarudi, akafanya kazi vizuri, kisha PostgreSQL ikaanza kusema namba ya ukaguzi ya bloku fulani hailingani na iliyotarajiwa. Si kila mara. Mgeni mwenye prosesa pepe moja hakuwahi kulalamika hata tulipomlemea. Mwenye mbili au nne alilalamika mara kwa mara, hasa kama leja ilikuwa inaandikwa kwa kasi wakati picha inapigwa.

Kabla sijasema tulichokuta, nieleze kidogo mashine inavyofanya kazi, ili wadogo zetu wa vyuo nao wafuatane nasi.

Programu ikitaja anwani ya kumbukumbu, hiyo si anwani halisi ya RAM. Prosesa inaitafsiri kwa kupitia majedwali ya kurasa. Kwenye x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD) ya biti 64 majedwali hayo yana ngazi 4. Kila jedwali lina maingizo 512 ya baiti 8, yaani jedwali lenyewe linajaza ukurasa mmoja wa baiti 4096. Biti 9 za anwani huchagua ingizo kwenye kila ngazi, biti 12 za mwisho huchagua baiti ndani ya ukurasa, jumla 48. Ingizo la mwisho halibebi anwani peke yake, linabeba pia ruhusa: je, ukurasa huu unasomeka, unaandikika, unaweza kuendeshwa kama msimbo?

Ndani ya mashine pepe kazi hiyo inafanyika mara mbili. Mgeni ana majedwali yake, anadhani anagusa RAM halisi. Chini yake haipavaiza ina majedwali mengine yanayotafsiri "RAM" ya mgeni kwenda RAM ya kweli. AMD walileta msaada wa jambo hili ndani ya prosesa mwaka 2007, Intel wakafuata 2008 na kuuita EPT. Kabla ya hapo haipavaiza ilibidi itunze majedwali kivuli, kazi nzito kwelikweli. Lakini nafuu hii ina bei yake: ngazi 4 juu ya ngazi 4, tafsiri moja tu inaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu mara 24. Hakuna prosesa itakayovumilia hilo kwa kila amri. Ndiyo maana majibu huhifadhiwa kwenye TLB (hifadhi ndogo ya tafsiri ndani ya prosesa), na kila kiini cha prosesa kina TLB yake. Shikeni hiyo sentensi, uzi mzima unasimama juu yake.

Sasa picha yetu inapigwa hivi. Kwanza tunaondoa ruhusa ya kuandika kwenye kurasa zote za mgeni ndani ya EPT. Halafu tunaanza kunakili huku mgeni anaendelea. Akijaribu kuandika, prosesa inamtoa na kuturudishia udhibiti, sababu ya kutoka namba 48, ukiukaji wa EPT. Tunaweka alama kwenye ramani ya biti kwamba ukurasa huu umechafuka (umeandikwa tangu picha ianze), tunamrudishia ruhusa ya kuandika, anaendelea. Mwishoni tunamsimamisha kidogo tu, tunanakili upya zile zilizochafuka, basi. Njia hii hatukuibuni sisi, ndiyo inayotumika pia kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa inaendelea na kazi.

Nitaendelea na tulivyoifuatilia. Maswali karibuni.

#2 KihesaLinux

Kamwene kaka. Kabla hujalaumu EPT, je, RAM ya hiyo mashine mmeipima? Na diski? Nimeona watu wakifukuzia haipavaiza wiki nzima, kumbe ni kadi ya RAM imelegea. Baridi ya huku na vumbi la kiangazi haviipi kompyuta kuu amani.

#3 FundiWaSae

Swali la haki kabisa, mkuu. RAM tuliipima usiku kucha, safi. Tukahamisha kila kitu kwenye kompyuta nyingine yenye prosesa ya Intel ya kizazi tofauti, hitilafu ikaja vilevile. Lakini kilichotuelekeza kwenye kurasa ni umbo la uharibifu wenyewe.

Bloku ya PostgreSQL ina baiti 8192, yaani kurasa mbili za kumbukumbu. Tulizichukua bloku zilizokataliwa tukazilinganisha na zilivyokuwa kabla na baada ya kuandikwa. Karibu kila moja ilikuwa na nusu mpya na nusu ya zamani, na mpaka ulikuwa kwenye baiti ya 4096 barabara. Nusu moja ina mizani ya mwisho, nusu nyingine haijui kama mizani hiyo iliwahi kuwepo. Diski nayo inaweza kukata hivyo. Lakini ukurasa wa kumbukumbu nao unakata kwa 4096, tukaanza kuushuku. (Tunatumia kurasa ndogo tu kwenye EPT kwa sasa, zile kubwa za megabaiti 2 bado.)

#4 DadaWaVirtio

Asante kwa uzi, kaka. Mimi niko Iringa mjini, nimefanya kazi na seva za mashine pepe miaka kadhaa. Nina shaka moja. Diski yenu ni virtio. Mgeni akisoma diski, anayeandika kwenye RAM ya mgeni si mgeni, ni upande wa mwenyeji (kompyuta halisi inayobeba mashine pepe), na mwenyeji hapiti kwenye EPT, anapita kwenye ramani yake mwenyewe. Ukiondoa ruhusa ya kuandika kwenye EPT, mwenyeji hata hasikii. Ukurasa unabadilika, ramani ya biti haina habari. Dalili zake zingekuwa hizi hizi unazosema. Hiyo mmeiangalia?

#5 FundiWaSae

Dada, hiyo ndiyo shaka niliyokuwa naisubiri mtu aitaje, na ni kosa linalowakuta wengi. Tuliiangalia kwanza kabla ya EPT. Njia yote ya virtio upande wetu inapita kwenye kitendo kimoja cha kuandika kwenye kumbukumbu ya mgeni, na hicho kinaweka alama ya uchafu chenyewe. KVM, haipavaiza ya Linux, nayo inafanya hivyo, inaweka alama pale mwenyeji anapoandika kwa niaba ya mgeni. Kuhakikisha, tuliweka leja nzima kwenye diski ya RAM ndani ya mgeni, virtio ikakaa kimya kabisa. Uharibifu ukaendelea.

Na kwa anayesoma: kama umempa mgeni kifaa halisi moja kwa moja, mfano kadi ya mtandao, hicho kifaa nacho kinaandika kwenye RAM bila kupita EPT. Ulinzi huu wa kuondoa ruhusa haukisaidii kabisa.

Sasa tulivyoikamata.

Tuliandika kikaguzi. Picha ikikamilika, mgeni akiwa bado amesimama, tunapiga SHA-256 (namba inayotambulisha data, kama alama ya kidole) ya kila ukurasa kwenye picha na ya ukurasa uleule kwenye RAM ya mgeni. Zikitofautiana, tunachapa namba ya ukurasa, biti yake kwenye ramani, na ingizo lake la EPT lilivyo wakati huo.

Matokeo yaliyonyamazisha chumba kizima ni haya: kila ukurasa uliotofautiana ulikuwa na biti 0 kwenye ramani, yaani "haujachafuka", na ingizo lake la EPT lilikuwa bado halina ruhusa ya kuandika. Ukurasa umeandikwa, na jedwali linasema haukuandikika wakati wowote tangu picha ianze. Kama jedwali halisemi uongo, basi kuna kiini kilichoandika bila kulisoma jedwali.

Tukafanya majaribio mawili ya haraka. La kwanza, prosesa pepe zote mbili za mgeni tukazibana kwenye kiini kimoja halisi. Uharibifu ukaisha. La pili, tukaziachia viini vyake, ila kabla ya kila kuingia kwa mgeni tukaweka INVEPT, amri ya kufuta tafsiri zilizohifadhiwa. Mashine ikawa nzito mno, lakini uharibifu ukaisha tena.

Hapo hapakuwa na ubishi. TLB ya kiini cha pili ilikuwa bado imeshika ruhusa ya kuandika ambayo sisi tulishaiondoa.

#6 Mwanafunzi_Iyunga

Shikamooni. Naomba kuuliza, huenda ni swali dogo. Nimesoma kwamba kache za viini vya prosesa zinapatana zenyewe: kiini kimoja kikiandika, kingine kinaona. Kwa nini TLB isijue kwamba jedwali limebadilika? Jedwali si liko kwenye kumbukumbu?

#7 FundiWaSae

Marahaba mdogo wangu. Swali si dogo hata kidogo.

Kache za data zinapatana, ni kweli. TLB haimo kwenye mapatano hayo. Chukua ghala la mahindi lenye mageti manne, daftari la wanaoruhusiwa kuingia liko ofisini. Kila mlinzi amenakili majina kwenye karatasi yake ili asikimbie ofisini kila lori likija. Ukikata jina kwenye daftari, karatasi za getini hazikatiki zenyewe, na lori la yule uliyemkata litapita kwenye geti lolote ambalo mlinzi wake hujamfikia.

Kwenye x86 kumfikia mlinzi ni kazi ya programu. INVEPT inafuta TLB ya kiini kinachoiendesha tu. Vingine lazima uvitumie katizo la kiini kwa kiini (ishara ya kukatisha kazi inayoendelea), vimtoe mgeni, vifute, viendelee. ARM wana amri ya TLBI inayoweza kusambaa kwenye viini vyote kwa upande wa chuma (maunzi), na AMD waliongeza amri ya INVLPGB, ya namna hiyo, kwenye prosesa za Zen 3. Intel tuliyonayo mezani haina, lazima katizo.

#8 KihesaLinux

Naomba msimbo mkuu. Nataka kuona pale palipokosekana kufuta.

#9 FundiWaSae

Huu hapa, nimeufupisha:

```
void badili_ingizo(struct mgeni *m, u64 *ingizo, u64 jipya)
{
    u64 zamani = *ingizo;
    *ingizo = jipya;

    /* njia ya mkato: anwani ileile, ukurasa bado upo */
    if (anwani(zamani) == anwani(jipya) && upo(jipya))
        return;

    futa_tlb_viini_vyote(m);
}
```

Angalieni hiyo njia ya mkato. Haikuwekwa kwa uvivu. Wakati wa picha, mgeni anarudishiwa ruhusa ya kuandika maelfu na maelfu ya mara, na kwa kurudisha ruhusa hakuna haja ya kufuta TLB za wengine. Mwongozo wa Intel unasema ukiukaji wa EPT wenyewe unafuta, kwenye kiini kilichokiuka, tafsiri ya anwani iliyosababisha. Kiini kingine kikiwa na nakala ya zamani isiyoandikika, kitakiuka bure, tutaangalia jedwali, tutakuta ruhusa ipo, tutamwambia aendelee. Hasara ni muda kidogo tu, usahihi haujaguswa.

Lakini mlango huohuo unatumika na hatua ya kwanza ya picha, ile ya kuondoa ruhusa. Anwani ileile? Ndiyo. Ukurasa bado upo? Ndiyo, unasomeka. Basi njia ya mkato, rudi, hakuna kufuta. Mwisho wa mzunguko kulikuwa na INVEPT moja, ya kiini kinachopiga picha. Ndiyo maana prosesa pepe moja haikuumwa: kiini kilikuwa hichohicho.

Kutoa ruhusa na kuondoa ruhusa si jambo moja lenye pande mbili. Nakala ya zamani ukimwongezea mtu ruhusa inamchelewesha. Nakala ya zamani ukimnyang'anya ruhusa inamwachia afanye asichotakiwa. Msimbo unaouliza "je, limebadilika?" bila kuuliza "limebadilika kuelekea wapi?" utakuangusha siku yenye viini viwili.

Baada ya kurekebisha:

```
bool badili_ingizo(u64 *ingizo, u64 jipya)
{
    u64 zamani = badilishana_kwa_mkupuo(ingizo, jipya);

    if (!upo(zamani))
        return false;       /* hakukuwa na cha kuhifadhiwa */

    /* kilichobadilika kikiwa ni ruhusa ILIYOONGEZWA tu, hakuna kufuta */
    u64 tofauti   = zamani ^ jipya;
    u64 ongezeko  = jipya & ~zamani & RUHUSA;
    return tofauti != ongezeko;
}
```

Sasa haifuti yenyewe, inamjibu aliyeiita kama kufuta kunahitajika.

#10 DadaWaVirtio

Nimefurahi kuona kubadilishana kwa mkupuo. Ule msimbo wa kwanza wa kusoma kisha kuandika ungewaponza hata bila suala la TLB: prosesa pepe mbili zikikiuka ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, mmoja anaandika juu ya mwenzake. Na siku mtakapowasha biti za EPT za "imeguswa" na "imechafuka", prosesa yenyewe itakuwa inaandika kwenye ingizo katikati ya kusoma na kuandika kwenu.

Ila kwa nini jibu badala ya kufuta papo hapo?

#11 FundiWaSae

Kwa sababu ya gharama, dada. Mgeni wa gigabaiti 2 ana kurasa 524,288 za baiti 4096. Ukituma katizo kwa kila ingizo, mgeni hatafanya kazi nyingine. Tunaondoa ruhusa kwa kurasa zote, tunakumbuka kama kuna hata moja iliyohitaji kufutwa, kisha tunafuta mara moja kwa viini vyote.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa msomaji alitulie, kwa sababu unaweza kufuta na bado ukakosea. Mpangilio:

Soma biti za ramani na uzisafishe. Ondoa ruhusa. Futa TLB kwenye viini vyote na usubiri kila kimoja kijibu kwamba kimefuta. Ndipo unakili kurasa.

Ukinakili kabla majibu hayajakamilika, kuna dirisha: kiini ambacho bado hakijafuta kinaandika kwenye ukurasa uliokwisha kuunakili, hakuna ukiukaji, hakuna alama. Hitilafu ileile, ila adimu zaidi, na hitilafu adimu ndiyo inayokuja kuonekana leja ikiwa na kilo za kweli.

Halafu kuna prosesa pepe ambayo wakati huo haiko ndani ya mgeni, iko upande wa mwenyeji inahudumia diski. Katizo haliifikii kama mgeni, na TLB ya kiini chake inaweza kuwa bado na tafsiri za zamani za EPT ileile. Kwa hiyo kila prosesa pepe ina sanduku la maombi, tunaandika "futa" humo kisha tunatuma katizo. Kabla ya kuingia kwa mgeni: zima makatizo, angalia sanduku, futa kama kuna ombi, ingia. Kuzima makatizo kuje kwanza. Ukiangalia sanduku makatizo yakiwa wazi, ombi linaweza kuingia baada ya kuangalia, katizo likahudumiwa hapohapo, na wewe ukaingia kwa mgeni na TLB chafu. Yakiwa yamezimwa, katizo litasubiri na litamtoa mgeni mara tu anapoingia. KVM nayo imejengwa kwa maombi ya namna hii, anayetaka kusoma aanzie kwenye `kvm_flush_remote_tlbs`.

#12 KihesaLinux

Mkuu, hii njia ya mkato yako imenikumbusha Xen, haipavaiza nyingine, na nadhani vijana wanapaswa kujua kwamba jambo hili limewahi kutikisa mawingu makubwa ya dunia (kampuni zinazokodisha mashine pepe).

Xen ina aina ya wageni wanaoitwa PV, ambao wanajua kwamba wako ndani ya mashine pepe. Majedwali yao ya kurasa ndiyo yanayotumiwa na prosesa moja kwa moja, ila hawaruhusiwi kuyaandika wenyewe. Wanaomba, na Xen inakagua kila ingizo kabla ya kukubali. Ukaguzi ni ghali, hivyo kukawekwa njia ya mkato kwa mabadiliko yanayodhaniwa hayana madhara.

Oktoba 2015 likatangazwa tangazo la usalama XSA-148, lililoripotiwa na mtafiti wa Alibaba. Kwenye ngazi ya pili ya majedwali, kwa mazingira fulani ukaguzi ulikuwa unarukwa, na mgeni angeweza kuligeuza ingizo liwe la ukurasa mkubwa wenye ruhusa ya kuandika. Ndani ya huo ukurasa mkubwa kunaweza kuwa na majedwali yake mwenyewe. Ukishaandika majedwali yako bila kukaguliwa, RAM yote ya mashine ni yako, na ya majirani zako pia. Hitilafu hiyo ilikuwepo tangu Xen 3.4, miaka kadhaa, kwenye msimbo uliokuwa wazi kwa kila mtu kusoma.

Julai 2016 ikaja XSA-182. Safari hii tangazo lenyewe lilisema wazi: njia ya mkato ilikusudiwa kwa mambo salama kama kusafisha biti za "imeguswa" na "imechafuka", lakini orodha ya biti zilizohesabiwa salama ilikuwa pana mno. Marekebisho yakawa ni kutaja biti zinazoruhusiwa kubadilika kwa njia ya mkato, na yoyote isiyotajwa ipitie ukaguzi kamili. Mradi wa Qubes, unaotumia Xen kulinda kompyuta za mezani, ulichoshwa na mfululizo huo ukaamua kuachana na PV; Qubes 4.0 ya mwaka 2018 ikahamia kwenye wageni wanaotegemea msaada wa chuma kama EPT.

Yenu ilikuwa ya usahihi wa data, yao ilikuwa ya usalama. Lakini ukiyaweka maandishi pamoja, kosa ni la ukoo mmoja: njia ya mkato iliyoorodhesha kinachozuiwa badala ya kinachoruhusiwa.

#13 FundiWaSae

Umeniongezea nguvu mkuu. Ndiyo maana kwenye msimbo mpya sharti ni `tofauti != ongezeko`. Likibadilika chochote tofauti na kuongezwa kwa ruhusa, hata biti ambayo leo hatuijui, inakwenda kufutwa. Aina ya kumbukumbu ikibadilika, inafutwa. Anwani ikibadilika, inafutwa. Prosesa mpya ikileta biti mpya ya ruhusa, hiyo nayo itafutwa mpaka mtu aje akae chini, asome mwongozo, aiongeze kwenye `RUHUSA` kwa mkono wake.

#14 TukuyuMvua

Salaam wakuu. Niko Tukuyu, nafuatilia kwa simu maana umeme umekwenda. Nauliza: kwa nini msitumie PML? Prosesa inaandika yenyewe orodha ya kurasa zilizochafuka, hakuna kuondoa ruhusa, hakuna ukiukaji. Si mngeikwepa hitilafu yote hii?

#15 FundiWaSae

PML ni nzuri na tutafika huko, kompyuta yetu mojawapo inayo. Kwa wasioijua: Intel waliileta na prosesa za Broadwell. Unaipa prosesa ukurasa mmoja, inaandika humo anwani za kurasa zinazochafuliwa, nafasi 512, zikijaa inakutoa uzisome.

Lakini haikwepi kitu hapa, mkuu. PML inaandika anwani pale biti ya "imechafuka" inapotoka 0 kwenda 1. Ili uanze duru mpya ya picha lazima uirudishe kuwa 0. Na TLB inahifadhi pia kwamba ukurasa huu tayari umechafuka. Usipofuta TLB, kiini kitaandika tena bila kugusa ingizo, na orodha haitapata anwani hiyo. Umeondoa ukiukaji, kufuta kumebaki palepale, na kwa viini vilevile vyote.

#16 DadaWaVirtio

Naongezea hapo kwa faida ya wengi, maana kuna mtu atakwenda kusoma Linux aone tofauti. Linux kwenye x86 inaposafisha biti ya "imeguswa" kwenye majedwali ya kawaida haifuti TLB, na ni kwa makusudi. Biti hiyo inasaidia kukisia ukurasa upi haujatumika siku nyingi. Ukikosea kidogo, umechagua ukurasa usiofaa kuondoa, basi, kasi inapungua. "Imechafuka" ukiikosea, umepoteza data. Biti zimekaa jirani kwenye ingizo moja, namba 8 na 9 kwa EPT, lakini hazistahili huduma moja.

#17 Mwanafunzi_Iyunga

Asanteni sana walimu wangu. Je, naweza kujaribu haya nikiwa na laptopu moja tu? Sina seva.

#18 FundiWaSae

Unaweza, kama prosesa yake ina VT-x. Linux ina uwezo wa kuendesha haipavaiza ndani ya haipavaiza. Unaiwasha kwa KVM, unaendesha haipavaiza yako ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima). Ikianguka, inaanguka ndani ya dirisha, laptopu inabaki. Ila uwe mwangalifu na jambo moja: ndani ya hali hiyo KVM ndiyo inayokutekelezea INVEPT yako, na kwa kazi zake yenyewe inaweza kufuta zaidi ya ulivyoomba. Hitilafu ya kusahau kufuta inaweza isionekane kabisa ndani ya QEMU, ikaja kuonekana kwenye chuma. Sisi ilitutokea kuonekana mara chache mno ndani, mara nyingi nje. Jumamosi njoo Sae ulete laptopu, mashine ya majaribio ipo utaitumia.

#19 KihesaLinux

Taarifa. Nimeshusha kiraka (yale marekebisho ya msimbo) nikakiweka kwenye mashine yangu hapa Kihesa, viini 4, mgeni wa prosesa pepe 4, nikaandika leja kwa nguvu huku picha zinapigwa mfululizo tangu jana jioni mpaka asubuhi. Kikaguzi cha SHA-256 hakijatoa ukurasa hata mmoja. Nikarudisha msimbo wa zamani bila kugusa kingine, ukurasa mbovu ukatokea kabla chai haijapoa.

Swali la mwisho kutoka kwangu: mkienda kwenye kurasa za megabaiti 2, kuupasua ukurasa mkubwa kuwa 512 ndogo wakati mgeni anakimbia mtafanyaje?

#20 FundiWaSae

Ubarikiwe kwa kupima, mkuu. Hilo lilikuwa jaribio nililolitaka, maana ni chuma ambacho hatujawahi kukigusa.

Kupasua: jedwali dogo linajazwa lote 512 kwanza, pembeni, bila kuunganishwa na chochote. Kila ingizo linarithi ruhusa na aina ya kumbukumbu ya ukurasa mkubwa, halafu unaondoa kuandika. Ndipo unabadilisha ingizo la juu kwa mkupuo mmoja lielekee kwenye jedwali jipya. Ingizo la juu likishakuwa la kuelekeza, biti 3 mpaka 7 lazima ziwe 0. Ukiziacha na aina ya kumbukumbu iliyorithiwa, prosesa inakutoa kwa sababu namba 49, usanidi mbovu wa EPT. Hiyo ni afadhali, inapiga kelele. Kisha futa viini vyote, subiri majibu, kama kawaida, kwa kuwa tafsiri kubwa ya megabaiti 2 inaweza kuwa imekaa kwenye TLB ya mtu na ruhusa yake ya kuandika.

`badili_ingizo` ya sasa italishika hilo bila kuongezwa kitu: anwani inabadilika, hivyo itajibu "futa". Kilichobaki ni kikaguzi kijue kusoma EPT yenye kurasa za saizi mbili. Dada wa Iringa mjini amenitumia ujumbe kwamba sehemu hiyo ataiandika yeye. Kiraka kikiwa tayari kitabandikwa hapahapa, na wenye mashine za viini vingi nitawaomba mkipime kabla hatujakiunganisha.